Kimya, Utupu na Sifuri: Vigezo vya Hiari katika Programu za Fomu za Wavuti

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwandishi wa programu anavyoweza kushughulikia kwa usafi vigezo vya hiari, yaani habari ambazo mtu anaweza kuzitoa au kuziacha anapojaza fomu ya wavuti. Huenda msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili akajiuliza suala hili linamhusu vipi. Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, watafiti wa lugha siku hizi hukusanya data zao kwa hojaji zinazojazwa kwenye kompyuta na simu, na mara nyingi ni mwanafunzi wa idara yenyewe anayepewa kazi ya kuziandikia programu. Pili, kiini cha tatizo si mashine bali ni maana. Mtu asipojibu swali, ukimya wake unasema nini? Swali hilo ni la isimu kabla ya kuwa la kompyuta.

Hoja tutakayoitetea ni moja: programu isimjibie mtu ambaye hakujibu. Kukosekana kwa jibu, jibu tupu na jibu la sifuri ni mambo matatu tofauti. Yakichanganywa, data huharibika bila mtu kugundua, kwa sababu mashine haitoi onyo lolote. Tutaanza na istilahi, kisha tutaangalia kile ambacho fomu hupeleka kwa hakika, makosa yanayojitokeza mara kwa mara, na hatimaye utaratibu unaofaa kufuatwa.

2. Istilahi

Kwa neno "fomu" tunamaanisha ukurasa wa wavuti wenye visanduku vya kujazwa. Fomu za namna hii ziliwekewa kanuni za pamoja katika toleo la pili la HTML, lililotangazwa Novemba 1995, na misingi yake haijabadilika sana tangu hapo. "Kivinjari" ni programu inayomwonyesha mtu ukurasa huo. "Seva" ni kompyuta ya mbali inayopokea yaliyojazwa.

"Funksheni" ni kifungu cha programu chenye jina lake, kinachoitwa ili kutekeleza kazi moja. Vitu ambavyo funksheni hukabidhiwa ili ifanye kazi yake tutaviita "vigezo". Kigezo cha lazima ni kile ambacho bila hicho kazi haiwezi kufanyika. Kigezo cha hiari ni kile kinachoweza kukosekana. "Thamani-msingi" ni ile ambayo programu huitumia yenyewe pale kigezo cha hiari kisipotolewa.

Msomaji aliyesoma sarufi atautambua upesi utaratibu huu. Kitenzi -pa hudai yambwa mbili, anayepewa na kinachotolewa. Mtu akisema "Juma alimpa mwalimu" na kunyamaza, msikilizaji hungoja, tungo haijakamilika. Kitenzi -la hakiko hivyo. "Juma amekula" ni sentensi kamili, ingawa chakula hakikutajwa. Chakula kimo katika maana ya kitenzi, lakini si lazima kitajwe. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba chakula ni kigezo cha hiari cha kitenzi -la.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Anayesikia "Juma amekula" hajazi mwenyewe neno "ugali" pale palipoachwa wazi, wala haelewi kwamba Juma hakula kitu. Anaacha nafasi hiyo ilivyo mpaka apate habari zaidi. Nidhamu hii ya msikilizaji ndiyo ambayo programu nyingi zimeikosa.

3. Fomu hupeleka nini?

Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba kisanduku kisichojazwa hakifiki kwenye seva. Dhana hiyo ni sahihi kwa baadhi ya visanduku na si sahihi kwa vingine, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi.

Kisanduku cha maandishi kikiachwa wazi, kivinjari hupeleka jina la kisanduku likifuatwa na maandishi matupu. Seva inaambiwa, kwa mfano, "jina_la_pili =", na baada ya alama ya usawa hakuna kitu. Kisanduku kimefika, ila mikono mitupu.

Kisanduku cha kutia alama ya tiki kisipotiwa alama, hakipelekwi kabisa. Seva haipati hata jina lake. Hali ni hiyohiyo kwa kundi la vitufe ambavyo mtu hutakiwa kuchagua kimoja tu: asipochagua chochote, kundi zima hutoweka. Vilevile kisanduku kilichozimwa na programu hakifiki.

Orodha ya kuteremsha yenye chaguo moja ina hatari kubwa kuliko zote. Kama mwandishi wa ukurasa hakuweka chaguo tupu mwanzoni mwa orodha, kivinjari huchagua chenyewe kipengele cha kwanza. Mtu ambaye hakuigusa orodha hiyo hupelekwa kama aliyechagua.

Basi kutojibu kunafika kwenye seva kwa sura tatu: kama maandishi matupu, kama kutokuwepo, na kama jibu la uongo. Zaidi ya hayo, kila kitu kinachofika hufika kikiwa maandishi. Aliyeandika sifuri amepeleka herufi "0", wala si namba. Kuigeuza herufi hiyo kuwa namba ni kazi ya programu.

Tutoe mfano unaohusu taaluma yetu. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inautaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Ciluba. Tuseme mtafiti ameandika hojaji yenye swali "Nyumbani unatumia lugha gani zaidi?", akaziweka lugha hizo tano katika orodha ya kuteremsha, na Kifaransa kikawa cha kwanza. Tuseme pia kwamba kati ya wahojiwa 1,000, watu 150 waliliruka swali hilo. Wote 150 wataingia katika jedwali kama wasemaji wa Kifaransa nyumbani. Jedwali litaonekana kamili, bila nafasi hata moja iliyo wazi, na ukamilifu huo ndio utakaomdanganya msomaji. Mtu atakayetumia matokeo hayo kutetea au kupinga ufundishaji kwa lugha ya taifa atakuwa anajenga juu ya mchanga.

4. Lugha yetu na aina za kimya

Kiswahili kina nyenzo nzuri za kuzitofautisha hali hizi. Tuangalie kauli zifuatazo kuhusu jina la pili la mhojiwa:

(a) Hana jina la pili.
(b) Hajajibu.
(c) Hakujibu.
(d) Amekataa kujibu.
(e) Hakuulizwa.

Kauli (a) ni jibu kamili. Tunajua hali ya mtu huyo na hatuna haja ya kumrudia. Katika (b) kiambishi -ja- kinatuambia kwamba mlango bado uko wazi. Huenda anaendelea kujaza fomu. Katika (c) fomu imekwisha kupelekwa na nafasi imebaki wazi. Kauli (d) inaeleza uamuzi ambao mtafiti anapaswa kuuheshimu. Kauli (e) inahusu fomu ya zamani ambayo swali hilo halikuwemo, au mtu ambaye swali halikumhusu.

Lugha nyingi za programu zina neno moja tu la kubeba kauli zote tano: Python huliita None, na PHP huliita null. JavaScript ina mawili, null na undefined, lakini mipaka ya matumizi yake huwatatiza hata wazoefu. Rejeleo hilo la "hakuna kitu" lilibuniwa na mwanasayansi Mwingereza Tony Hoare mwaka 1965, alipokuwa akiunda lugha ya ALGOL W. Mwaka 2009, mbele ya mkutano wa wataalamu huko London, yeye mwenyewe aliliita kosa lake la thamani ya dola bilioni moja, kwa kuwa lilikuwa limezaa hitilafu zisizohesabika katika programu za watu.

Haimaanishi kwamba kila hojaji lazima ihifadhi aina zote tano. Inamaanisha kwamba mtafiti aamue mapema ni zipi zinazohusu kazi yake, kisha azipe sura katika fomu yenyewe. Kama tofauti ya "sina" na "sikujibu" ina uzito, fomu iwe na chaguo la "Sina" na chaguo la "Sipendi kujibu". Kama watu hutia alama lugha kadhaa wanazozijua, pawepo alama ya "Hakuna kati ya hizi". La sivyo aliyeliruka swali na asiyejua lugha hata moja kati ya zilizotajwa watafanana mbele ya seva. Programu haiwezi kutambua tofauti ambayo fomu haikumruhusu mtu kuieleza.

5. Mfano wa majina ya Kongo

Mahali ambapo Mkongo hukutana na vigezo vya hiari mapema zaidi ni katika kuandika jina lake. Hati zetu, ikiwemo kadi ya mpiga kura ambayo wengi huitumia kama kitambulisho, hugawa jina katika sehemu tatu: jina, jina la pili ambalo hati za Kifaransa huliita post-nom, na jina la ubatizo. Mgawanyo huo una historia yake. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia uhalisi chini ya Rais Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na raia wakatakiwa kubeba majina ya asili. Baada ya mfumo wa chama kimoja kulegezwa mwaka 1990, majina ya ubatizo yakaanza kurudi katika hati. Kwa hiyo kuna watu wenye sehemu zote tatu, kuna wenye mbili, na kuna wale ambao jina lao limebadilika sura zaidi ya mara moja katika maisha yao.

Mwandishi V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, aliitwa Valentin-Yves, katika miaka ya uhalisi akawa Vumbi Yoka, herufi V. Y. zikabaki zilezile juu ya vitabu vyake. Mchoraji aliyeipiga picha historia ya nchi yetu, Tshibumba Kanda-Matulu, anajulikana kwa jina ambalo ndani yake hamna jina la ubatizo hata kidogo.

Sasa tuchukulie fomu iliyoandikwa ugenini, yenye visanduku viwili tu, "jina la kwanza" na "jina la ukoo", vyote viwili vya lazima. Mtu wa sehemu tatu hana mahali pa kuweka sehemu moja, na mtu asiye na jina la ubatizo analazimika kukivunja kile alicho nacho vipande viwili ili mashine imruhusu kuendelea. Mwaka huu atavunja hivi, mwakani atavunja vingine, na hati zake hazitalingana. Katika viza za Marekani, pasipoti ikiwa na jina moja tu, mahali pa jina la kwanza huandikwa herufi FNU, zikimaanisha kwamba jina hilo halijulikani. Katika matumizi ya kila siku herufi hizo husomwa kama jina halisi, na mtu akajikuta anaitwa Fnu. Alama iliyowekwa kuonyesha kukosekana kwa jina imegeuka kuwa jina.

Funzo ni kwamba swali la "kipi ni cha lazima na kipi ni cha hiari" halijibiwi na lugha ya programu. Hujibiwa kwa kuwajua watu watakaojaza fomu. Kwa fomu ya chuo chetu, jina la kwanza katika utaratibu wa hati ndilo la lazima. Jina la pili na jina la ubatizo ni vya hiari.

6. Makosa yanayojitokeza mara kwa mara

6.1 Kuimeza sifuri

Kosa la kwanza ni kuuliza "je, kimejazwa?" kwa njia inayoichukulia sifuri kama utupu. Tuseme hojaji inauliza: "Kwa siku moja unasikiliza matangazo ya Kiswahili kwa saa ngapi?" Aliyeandika 0 ametoa jibu muhimu. Lakini katika PHP, kipimo kinachoitwa empty huyahesabu maandishi "0" kuwa ni utupu. Katika Python, namba 0, maandishi matupu na None hupata hukumu moja zinapopimwa kwa neno not. Katika JavaScript, alama ya mistari miwili iliyosimama, ambayo wengi waliitumia kuweka thamani-msingi, huitupa sifuri pamoja na maandishi matupu. Kwa sababu hiyo iliongezwa alama ya viulizo viwili, katika PHP toleo la 7 la Desemba 2015 na katika JavaScript mwaka 2020. Alama hiyo huweka thamani-msingi pale tu ambapo hakuna kitu, na sifuri huiacha salama.

6.2 Thamani-msingi inayorithiwa

Kosa la pili hupatikana katika Python. Mwanafunzi huandika funksheni ya kumsajili mhojiwa, na kigezo cha lugha akakipa orodha tupu kuwa thamani-msingi. Python huiunda orodha hiyo mara moja tu, funksheni inapofafanuliwa, wala haiiundi upya kila inapoitwa. Funksheni ikiongeza lugha ndani ya orodha hiyo, mhojiwa wa pili atakuta tayari mna lugha za wa kwanza, na wa tatu atarithi za wote wawili. Dawa ni kuipa funksheni None kama thamani-msingi, kisha kuunda orodha mpya ndani yake.

6.3 Mlolongo wa mapengo

Kosa la tatu ni kutegemea nafasi. Funksheni yenye vigezo saba, vitano vikiwa vya hiari, huishia kuitwa hivi:

    sajili("Kabwe", "", "", "", "", "Kiswahili", "")

Hakuna anayeweza kuusoma mstari huu na kujua kila pengo linasimamia nini, na pengo moja likisahauliwa, lugha itaingia katika nafasi ya umri. Sarufi yetu ina suluhisho la kufanana. Katika "Mama alimpikia mtoto wali", kiambishi -m- na mnyambuliko -i- vinatangaza ndani ya kitenzi kwamba kuna anayepikiwa. Tukisema "Wali, mama alimpikia mtoto", mpangilio umebadilika lakini kila mmoja amebaki na kazi yake. Programu nayo inaweza kuvitaja vigezo kwa majina:

    sajili(jina = "Kabwe", lugha = "Kiswahili")

Python huruhusu jambo hili tangu zamani, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008 huwezesha hata kulazimisha kigezo kitajwe kwa jina. PHP ilipata uwezo huo katika toleo la 8.0, Novemba 2020. Katika JavaScript vigezo hukusanywa katika kifurushi kimoja chenye majina.

6.4 Kigezo kinachogeuza kazi

Kosa la nne ni kigezo cha hiari cha "ndiyo" au "siyo" ambacho huifanya funksheni moja itende kazi mbili. Mtu akiona "hifadhi(mhojiwa, siyo)" hawezi kujua kilichokataliwa ni nini. Ni bora kuandika funksheni mbili, "hifadhi_rasimu" na "hifadhi_kamili", kila moja na jina linaloeleza kazi yake.

7. Utaratibu safi: kuamua mlangoni

Makosa yote haya yana mzizi mmoja: uamuzi juu ya maana ya kukosekana umetawanyika katika programu nzima. Hapa mtu amepima utupu, pale amepima null, kwingine hakupima kabisa. Utaratibu tunaoupendekeza ni kuyapokea yaliyojazwa mahali pamoja, mlangoni, na kuyapa maana mara moja tu. Baada ya hapo sehemu nyingine za programu hupokea rekodi iliyokwisha kusafishwa.

Tuuonyeshe kwa programu ya mfano, ambayo maneno yake tumeyaandika kwa Kiswahili ili isifungwe na lugha moja ya kompyuta:

    funksheni namba_ya_hiari(fomu, kisanduku):
        kama kisanduku hakimo katika fomu:
            rudisha HAKUNA
        maandishi = ondoa_nafasi_za_pembeni(fomu[kisanduku])
        kama maandishi ni "":
            rudisha HAKUNA
        kama maandishi si namba:
            toa_kosa(kisanduku, "Tafadhali andika namba")
        rudisha geuza_kuwa_namba(maandishi)

Mambo manne yazingatiwe. Kwanza, kisanduku kisichofika na kisanduku kilichofika kitupu vimepewa jina moja, HAKUNA, kwa makusudi. Kwa swali hili tumeamua kwamba tofauti yao haina maana. Pili, upimaji wa utupu umefanyika wakati thamani ingali maandishi, na kwa hiyo "0" inapita salama na kuwa namba sifuri. Tatu, nafasi za pembeni zimeondolewa, kwa kuwa mtu aliyegusa kitufe cha nafasi kwa bahati mbaya hakujibu. Nne, aliyeandika "nyingi" mahali pa namba hakunyamaza. Amejibu kwa namna isiyopokelewa. Jibu baya lisigeuzwe kuwa kimya. Mtu aonyeshwe tena fomu yake, ikiwa na yote aliyoyaandika, ili asahihishe kisanduku hicho peke yake.

Baada ya kuwa na funksheni ndogo kama hizi, kuisoma fomu nzima kunakuwa kazi nyepesi:

    funksheni soma_fomu(fomu):
        rudisha Mhojiwa(
            jina            = maandishi_ya_lazima(fomu, "jina"),
            jina_la_pili    = maandishi_ya_hiari(fomu, "jina_la_pili"),
            jina_la_ubatizo = maandishi_ya_hiari(fomu, "jina_la_ubatizo"),
            saa_za_redio    = namba_ya_hiari(fomu, "saa_za_redio"),
            lugha           = chaguo_la_hiari(fomu, "lugha"))

Anayesoma mistari hii, hata kama si fundi wa kompyuta, anaweza kuihakiki: kipi ni cha lazima, kipi ni cha hiari, kipi ni namba. Mtafiti aliyeandika hojaji anaweza kuketi na mwanafunzi aliyeandika programu, wakakubaliana.

Na thamani-msingi zitumike wapi? Tunapendekeza kanuni ifuatayo. Thamani-msingi ni halali kwa mambo ya mashine: idadi ya mistari katika ukurasa, lugha ya kuonyeshea maelekezo, mpangilio wa orodha. Mambo hayo mtu anaweza kuyabadilisha, na yakikosewa hayamdhuru. Kwa mambo yanayomhusu mtu mwenyewe, kama lugha yake, umri wake, jinsi yake au dini yake, thamani-msingi pekee inayokubalika ni HAKUNA.

8. Kurekebisha rekodi ya zamani

Utofauti wa kutokuwepo na utupu tuliouacha katika sehemu iliyotangulia unarudi na uzito mpya pale mtu anaporekebisha habari zilizokwisha kuhifadhiwa. Mwanafunzi akifungua fomu ya kubadilisha namba ya simu tu, kisanduku cha jina la pili hakimo katika fomu hiyo. Kama programu inakichukulia kilichokosekana kama kitupu, italifuta jina lake la pili. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayelifuta jina hilo kwa makusudi kwa sababu liliandikwa kimakosa anapeleka kisanduku kitupu, na programu isipolitambua tendo hilo, hataweza kamwe kuondoa kosa.

Kwa hiyo katika kurekebisha, kutokuwepo kunamaanisha "usiguse", na utupu unamaanisha "futa". Kanuni hii ndiyo iliyokubaliwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti namba 7396, wa Oktoba 2014, unaohusu urekebishaji wa data za JSON: kilichoachwa kibaki kama kilivyo, kilichopewa null kiondolewe. Tahadhari inahitajika kwa visanduku vya tiki, ambavyo visipotiwa alama hutoweka. Waandishi wengi wa programu hutanguliza kisanduku kilichofichwa chenye jina lilelile na thamani ya "0", ili seva ijue kwamba swali liliulizwa na alama haikutiwa.

9. Kimya katika hesabu

Usafi wa mlangoni hautoshi kama kilichohifadhiwa kitahesabiwa vibaya. Tuchukue wahojiwa wanne. Watatu wameandika umri wao: 20, 30 na 40. Wa nne hakujibu. Wastani wa waliojibu ni 30. Kama programu ilimwandikia wa nne sifuri, wastani unashuka hadi 22.5, na hakuna mtu wa umri huo wala sababu ya kuufikia.

Hifadhidata za SQL hulinda jambo hili kwa kiasi: nafasi yenye NULL huachwa nje ya wastani. Lakini ulinzi huo una upande wa pili. Ukiomba rekodi za wote ambao lugha yao si Kifaransa, wale wasiojibu hawatatokea, kwa sababu kulinganisha NULL na kitu chochote hakuzai "kweli" wala "si kweli". Na ukiomba wale ambao lugha yao ni Kifaransa, hawatatokea vilevile. Jumla ya makundi hayo mawili itakuwa ndogo kuliko idadi ya wahojiwa, na mtafiti asiyelijua hilo atadhani rekodi zimepotea. Zaidi ya hayo, hifadhidata ya Oracle huyahifadhi maandishi matupu kama NULL, na hivyo huifuta tofauti ambayo mwandishi wa programu huenda aliitunza kwa uangalifu. Katika kila jedwali la matokeo, basi, pawepo safu ya "wasiojibu". Safu hiyo si aibu kwa mtafiti. Ni sehemu ya matokeo, na pengine ndiyo inayoonyesha swali lililoogopwa au lisiloeleweka.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba kigezo cha hiari kinaleta matatizo kwa sababu kutojibu hufika kwenye seva kwa sura kadhaa, na lugha za programu huzifunika sura hizo kwa neno moja. Tumependekeza kwamba maana ya kukosekana iamuliwe mahali pamoja, vigezo vitajwe kwa majina, sifuri isichanganywe na utupu, jibu baya lirudishwe kwa mwenyewe, na thamani-msingi zisitumike kuwasemea watu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika hojaji za lugha zetu kimya ni kingi: cha mzee asiyependa kutaja kabila lake, cha mwanafunzi ambaye jina lake halikupata kisanduku, cha mama anayezungumza lugha tatu na kuulizwa achague moja. Wanafunzi wanaoandaa hojaji za tasnifu zao wanashauriwa, kabla ya kuzisambaza, waijaribu kila fomu mara tatu: mara ya kwanza wakiijaza yote, mara ya pili wakiiacha tupu, na mara ya tatu wakiandika sifuri kila mahali panapokubali namba. Kisha wafungue hifadhidata na kuangalia kama rekodi hizo tatu zinatofautiana. Zikifanana popote pale, programu irekebishwe kwanza. Wahojiwa waitwe baadaye.